Kofia ya Jogoo ya Umugwaneza

Mimi naitwa Masika. Nimezaliwa Butembo, lakini sasa ni miaka kumi na sita naishi Goma, mtaa wa Mapendo. Nafundisha kushona kwenye kituo cha akina mama. Wanafunzi wangu wanasema mimi ni mkali. Wananionea! Mimi sina uvumilivu tu. Nikiona mtu anashika mkasi vibaya, mikono inaniwasha.

Siku moja, jumanne isiyo na masomo, nilikuwa nafagia mbele ya mlango. Barabara ilikuwa na kelele zake za kila asubuhi. Akina mama walikuwa wanarudi kutoka bombani na bidoni za manjano za maji mgongoni. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilikuwa imejaa makaa, ikakwama kwenye mawe, mwenyewe akayatukana mawe, kisha akamtukana aliyeyaweka pale. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikamwona Dancille.

Dancille ni jirani yangu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake ya mbao, na kitambaa cha rangi ya udongo juu ya magoti. Mkononi alikuwa na mkasi. Aliusogeza kwenye kitambaa, akauondoa. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akaenda mlangoni, akarudi.

Nikashindwa kuvumilia.

"Mama Umugwaneza, una nini? Unakaa, unasimama, kama mutu mwenye siafu kwenye nguo!"

"Acha tu, Mama Masika. Mwalimu amenipa kazi na mimi siijui."

"Kazi gani?"

"Kushona kofia ya jogoo. Jumamosi watoto wanacheza teatre kwenye shule. Wazazi wote wamealikwa."

"Na jogoo ni nani?"

Dancille akatazama ndani ya nyumba, kisha akajibu kwa sauti ndogo.

"Ni Umugwaneza."

Niliacha kufagia. Ngoja niwaeleze ninyi mnaosoma, ili mjue kwa nini nilishangaa.

Dancille na mume wake Havugimana walitoka Kalengera, kule Rutshuru. Walifika Goma miezi minane kabla ya siku hiyo. Havugimana anapakua mizigo bandarini. Anatoka asubuhi sana, anarudi jioni mgongo unamuuma. Wana mtoto mmoja tu, Umugwaneza, wa miaka tisa. Kule Kalengera mtoto huyo alikuwa anaimba kutwa nzima. Lakini walitoka kwao wakikimbia, na waliona mambo mabaya. Tangu hapo aliacha kuongea. Ukimwuliza kitu, anajibu kwa kichwa. Ukimsalimia, anatazama viatu vyake.

"Huyu Umugwaneza wetu?" nikauliza. "Atawika namna gani?"

"Sikia. Mwalimu Alliance aliuliza darasa: nani anajua kuwika? Vijana wakajaribu, kila mutu akacheka. Mara sauti ikatoka nyuma kabisa. Mama, ile sauti! Mwalimu wa darasa la pili alikuja kuchungulia, alifikiri jogoo ameingia. Kumbe ni mutoto wangu." Dancille akapangusa jicho kwa mkono ulioshika mkasi. "Tangu tufike hapa, hiyo ndiyo sauti ya kwanza walimu wamesikia kwake."

"Asifiwe Mungu! Sasa unalia nini?"

"Mwalimu amesema jumamosi saa mbili kamili kila mutoto aje na kofia yake. Asiye nayo, nafasi inaenda kwa mwingine. Na kitambaa ni hiki tu. Nikikiharibu, hakuna kingine. Mama Masika, wakimunyanganya huyo jogoo, mutoto wangu atanyamaza kabisa. Mimi namujua."

Alisema hivyo, kisha akakunja kitambaa mara mbili na kufungua mkasi. Alitaka kukata kwa macho tu, vile vile!

"Weka mukasi chini!" nikapiga kelele.

Hata yule mwenye chukudu aligeuka.

Nikaingia kwake, nikakaa, nikashika kitambaa. Kilikuwa fetrini. Fetrini ni kitambaa kizito kidogo, laini, kama blanketi jembamba. Hakina uso wala mgongo, pande zote ni sawa. Tena, ukikikata, hakitoi nyuzi pembeni. Kwa hiyo hakihitaji kupindwa. Mtu anayeanza kushona aanze na hicho, asianze na hariri.

"Umugwaneza, kuja hapa," nikaita.

Akaja, macho kwenye viatu. Nywele zake zilikuwa fupi, urefu wa kidole, zimechanwa na kulala. Nikazungusha kamba kichwani mwake, juu ya masikio, katikati ya paji la uso.

"Tazama, Mama Umugwaneza. Pima pale kofia itakapokaa. Usikaze kamba. Kidole chako kimoja kipite chini yake."

Tulilaza kamba kwenye mita ya fundi.

"Cinquante," Dancille akasoma.

"Sawa, sentimeta hamsini. Kofia yetu ina vipande viwili, kushoto na kulia. Kila kipande kina ngapi?"

"Vingt-cinq."

"Ndiyo, ishirini na tano. Na mushono utakula wapi? Unataka ukule kichwa cha mutoto?"

Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka asubuhi hiyo. Nikamweleza kwamba kila upande tunaongeza sentimeta moja ya mshono. Kwa hiyo kila kipande kinakuwa na sentimeta ishirini na saba chini.

"Sasa nikate?"

"Wee! Una haraka ya kwenda wapi? Leta mufuko wa simenti."

Kwa jirani walikuwa wanajenga, mifuko mitupu ilikuwa mingi. Tulichukua mmoja uliokuwa safi ndani, tukaukung'uta. Juu ya karatasi yake nilichora umbo la nusu yai, chini pana, juu duara. Tukakata karatasi mbili kama hizo, tukazishika pamoja kwa pini, tukamvalisha Umugwaneza. Karatasi ikafika juu ya nyusi vizuri.

"Unaona? Karatasi ikikosewa, tunachukua ingine. Fetrini ikikosewa, tunalia."

Ndipo nilipomrudishia Dancille mkasi. Aliweka karatasi juu ya fetrini, akaifunga kwa pini, akakata polepole akishika pumzi. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili ili nisimnyang'anye. Kweli, nilikaribia kumnyang'anya mara tatu.

Kisha tukafika kwenye kishungi, kile chekundu kinachosimama juu ya kichwa cha jogoo. Mwalimu alikuwa ametoa kipande kidogo cha fetrini nyekundu na kingine cha manjano cha mdomo. Dancille akakata kishungi chenye meno matano. Akakiweka juu, kikitazama nje.

"Hapana," nikasema. "Kiweke katikati ya vile vipande viwili, meno yatazame ndani."

"Ndani? Mama Masika, jogoo atakuwa na kishungi kwenye ubongo?"

"Fanya vile nasema!"

Nilimwonyesha mshono wa kurudi nyuma. Sindano inatokea mbele, inarudi kuingia pale mshono uliotangulia uliishia, kisha inapita chini na kutokea mbele tena. Mshono huo ni wa mkono, lakini unashika kama wa mashine. Dancille alishona jumanne, akashona jumatano baada ya kupika. Mara nne nilimwambia afumue. Mara ya tano alinitazama kwa jicho baya, nikaondoka kwenda kufagia.

Jumatano jioni akamaliza. Akaingiza mkono ndani ya kofia, akaigeuza. Kishungi kikasimama juu, chekundu, meno yote matano!

"Yesu!" Dancille akasema.

Tukaongeza mdomo wa manjano mbele na macho mawili ya vifungo. Umugwaneza akavaa. Iliingia bila kusukumwa. Aligusa kile kishungi tena na tena. Mimi nilirudi kwangu nikijisifu. Alhamisi niliwaeleza wanafunzi wangu habari nzima, na nafikiri niliongeza chumvi kidogo.

Ijumaa akafika shangazi.

Shangazi Uwingabire ni dada ya Havugimana. Anaishi Kiwanja, na kule watu wanapanga mstari ili awasuke nywele. Aliposikia kuna sikukuu kwenye shule, akapanda gari na kuja. Kwa familia yao, mtoto wa kike haendi mbele ya watu kichwa chake hakijasukwa. Akienda hivyo, aibu si ya mama. Ni ya shangazi.

Mtoto alipotoka shule saa sita, shangazi akamketisha katikati ya magoti yake. Akamsuka kwa meshi nene, zile nywele za kuongeza. Mpaka saa kumi alikuwa bado anasuka. Mimi nilipita, nikasalimia, nikasifu. Nilisema, "Shangazi, unajua kazi!" Ndiyo, mimi mwenyewe, mwalimu wa kushona, nilisimama pale na sikuona kitu.

Saa kumi na nusu Dancille akaingia kwangu bila kubisha.

"Mama Masika, kofia imekataa!"

Nilikimbia na sindano mdomoni. Umugwaneza alikuwa amekaa kwenye kiti. Kofia ilikuwa juu ya misuko yake kama kifuniko cha sufuria ndogo kwenye sufuria kubwa. Dancille akaisukuma, ikaruka. Machozi yalikuwa yanamtoka mtoto, bila sauti yoyote.

Shangazi alikuwa amekunja mikono.

"Kofia yenyewe imekataa," akasema. "Ina akili kupita ninyi. Tangu lini mutoto musichana anawika? Wampe kazi ya kuku. Kuku analalia mayai yake, ananyamaza."

"Nitafumua hizi nywele," Dancille akasema. Akanyoosha mkono kwenye msuko wa kwanza.

"Gusa uone! Nimepinda mugongo saa ine hapa. Ukifumua musuko mumoja, narudi Kiwanja leo leo, na hapa sikanyagi tena."

"Basi nifanye nini? Kesho saa mbili! Nifanye nini?"

"Mimi si fundi. Fundi si huyo amesimama na sindano kwenye meno?"

Wote wakanitazama. Nilitoa sindano mdomoni. Joto lilinipanda mpaka masikioni, kwa maana nilielewa. Nilipima kichwa vizuri, nilipigia watu kelele siku mbili, lakini sikuuliza jambo dogo kabisa: siku ya sikukuu, nywele za huyu mtoto zitakuwa namna gani? Hapa kwetu nani hajui kwamba wasichana wanasukwa kwa sikukuu? Hata kipofu anajua.

"Kosa ni langu," nikasema. "Si la Dancille, si la shangazi. Leteni kamba."

Tukapima tena, juu ya misuko. Cinquante-cinq, hamsini na tano. Kofia ilipungukiwa sentimeta tano. Dancille akakaa chini kwenye sakafu. Lakini mimi nilianza kupumua.

"Sentimeta tano si kifo. Tunafungua mushono wa nyuma, kuanzia shingoni mpaka karibu na kishungi. Pale tunaingiza kipande cha pembe tatu. Chini kiwe na sentimeta saba: tano za kupanua, mbili za mushono. Juu kiishe na ncha."

"Kipande kitatoka wapi?" Dancille akauliza. "Fetrini imebaki vipande kama vidole!"

Aliumwaga mfuko wa mabaki. Kweli, vilikuwa vipande vyembamba tu: vya udongo, vyekundu, vya manjano.

"Tutaviunga. Fetrini haitoi nyuzi, unaweka ukingo juu ya ukingo, unashona. Shida si kitambaa. Shida ni saa. Saa kumi na mbili jua linazama, na umeme hatuna tangu jana. Mikono minne haitoshi."

Hakuna aliyemtazama shangazi, lakini sote tulimfikiria. Yeye aligeuza uso kwenye dirisha.

"Musinihesabu mimi," akasema. "Sishoni kofia ya kumuaibisha mutoto wa kaka yangu."

"Shangazi."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu kidogo. Mwanzoni sikujua imetoka wapi.

"Shangazi, nyumba inaungua."

Shangazi akaruka. "Nyumba gani? Wapi?"

"Ya kwenye teatre," Umugwaneza akasema. Hakuwa anatazama viatu. Alikuwa anamtazama shangazi yake. "Watu wamelala. Moto umeanza jikoni, mutu ameacha jiko la mbabula na makaa. Jogoo ndiye anaona. Lakini si saa ya kuwika. Kila mutu anamwambia, nyamaza wewe. Anawika tu. Akinyamaza, wote wanakufa."

Dancille aliziba mdomo kwa mikono miwili. Miezi minane, ninyi! Miezi minane hatujasikia kwa mtoto huyu hata neno "maji". Mimi nilitazama sindano yangu na sikuiona vizuri.

Shangazi alikunjua mikono.

"Na kuku?" akauliza. "Kuku anafanya nini?"

"Kuku analala."

Shangazi akavuta kiti, akakaa karibu na mlango palipokuwa na mwanga, akanyoosha mkono.

"Leteni sindano," akasema. "Mbio! Munanitazama nini?"

Nimefundisha wanawake wengi, lakini sijaona vidole kama vile. Mtu aliyezoea kusuka nywele hapotezi nafasi. Mishono yake ilikuwa midogo, yote sawa. Mimi nilifungua mshono wa nyuma wa kofia kwa wembe, polepole nisikate kitambaa. Dancille alipanga vipande: cha udongo, chekundu, cha manjano, tena chekundu. Shangazi aliviunga. Tulikata karatasi ya pembe tatu kwanza, tukaiweka kwenye pengo, tukamvalisha mtoto na karatasi yake, ndipo tukakata fetrini. Safari hii sikupigia mtu kelele. Shangazi ndiye aliyenipigia mimi.

"Mama wa Butembo, toa kichwa, unaniziba mwanga!"

Nilitoa kichwa.

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tulipofunga uzi. Umugwaneza akavaa. Kofia ikashuka juu ya misuko yote, ikafika juu ya nyusi, ikatulia. Nyuma ile mistari ya rangi ilikuwa kama manyoya ya shingo ya jogoo mwenye kiburi.

"Ruka!" nikamwambia. Akaruka. "Inama! Tikisa kichwa!"

Kofia haikuondoka.

Jumamosi saa mbili tulikuwa kwenye uwanja wa shule, kwenye mabenchi. Havugimana alikuwa ameomba ruhusa bandarini. Mwalimu Alliance alipanga watoto, akatazama kofia moja moja. Alipofika kwa jogoo, akaigeuza, akatazama nyuma, akatikisa kichwa kwa kushangaa, akaendelea. Dancille alikuwa ameshika mkono wangu. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi.

Watoto wakalala chini, wakakoroma kwa nguvu. Watu wakacheka. Umugwaneza akaja katikati na kofia yake. Akasimama.

Akatazama viatu vyake.

Tulingoja. Mtoto mmoja aliyelala akafungua jicho moja. Mwalimu Alliance alikuwa anamwonyesha jogoo ishara kwa mkono. Mimi nilikuwa tayari kuwika mwenyewe, haki ya Mungu, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu.

Ndipo Umugwaneza alipoinua kichwa.

Sitaweza kuwaandikia ile sauti. Ilitoka, ikapanda, ikapita ukuta wa shule, na watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama.

"Nyamaza, jogoo! Bado saa!" mtoto mmoja akasema, kama alivyofundishwa.

Akawika mara ya pili.

"Nyamaza!" watoto wote wakasema.

Akawika mara ya tatu. Halafu akasema maneno ambayo Mwalimu Alliance hakuyaandika. Aligeuka upande wa mabenchi na kuita, "Amukeni! Mama, amuka! Papa, amuka, moto!"

Dancille alisimama. Havugimana alisimama. Sijui kama walijua wamesimama. Sikuwauliza waliona nini kule Kalengera, na sitauliza. Watoto walizima moto kwa ndoo tupu, watu wakapiga makofi, na wazazi wale wawili walikuwa bado wamesimama.

Sasa ni miezi mitatu. Kwenye kituo, mama akija kujifunza kushona kofia ya mtoto, namwuliza kwanza nywele zitakuwaje siku hiyo. Kisha kamba, kisha karatasi ya mfuko wa simenti, kisha mkasi. Shangazi Uwingabire amerudi Kiwanja, na nasikia anawaambia wateja wake kwamba kofia yote aliishona yeye. Mwacheni.

Jana jioni nilikuwa nakung'uta ungo karibu na nyumba ya Dancille. Umugwaneza alikuwa anamweleza mama yake habari za shule. Nani amepigana na nani, nani amekula chaki, mwalimu amesema nini, na Benny wa darasa lake amejibu nini. Hakupumzika hata kumeza mate.

"Umugwaneza, mwanangu, nyamaza kidogo," Dancille akasema. "Kichwa kinaniuma."

Mtoto akanyamaza.

Nikasikia kijiko kinaanguka kwenye sufuria.

"Hapana, hapana," Dancille akasema haraka. "Sema. Halafu Benny akajibu nini?"